Farasi wa mbio anapostaafu akiwa kijana: jinsi ya kumpatia makao mapya

Farasi wengi wanaoachishwa mbio pale Ngong Racecourse, Nairobi, wana miaka 3, 4 au 5 tu. Farasi akitunzwa vizuri hufikisha miaka 25 na zaidi, kwa hiyo anayestaafu leo bado ana miaka 20 ya kulishwa, kuchanjwa, kukatwa kwato na kutibiwa. Huo ndio mzigo unaomkabidhi mtu mwingine. Kumgawa kwa wa kwanza atakayefika na lori ndiyo njia ya mkato inayowaumiza farasi wengi kuliko nyingine zote, hasa wakitolewa bure.

Maelezo haya yanamhusu mmiliki, mkufunzi au saisi (mtunza farasi) mkuu ambaye farasi bado yumo mikononi mwake. Jipe angalau miezi 3 kuanzia siku ya mbio ya mwisho hadi siku ya makabidhiano. Ukiwa na miezi 6 ni afadhali zaidi.

Jua kilichomtoa mbioni

Aliyeachishwa kwa sababu hana kasi ndiye rahisi kuliko wote: miguu mizima, kichwa kizima, ameshindwa na wenzake tu. Mwenye kukoroma akikimbia ana tatizo la koo. Anaweza kupandwa kwa mwendo wa kawaida bila shida, ila usimuuze kwa mchezaji wa polo, mchezo wa mpira juu ya farasi, atakayemtaka apige shoti dakika 7 mfululizo. Aliyewahi kutoka damu puani baada ya mbio huwa sawa kwenye kazi nyepesi, lakini mnunuzi lazima aambiwe. Aliyeumia mguu ndiye anayehitaji muda wako mwingi.

Anza na kano za miguu ya mbele. Asubuhi, kabla hajatolewa bandani, nyanyua mguu, kunja goti, kisha pitisha kidole gumba na cha shahada nyuma ya mfupa, kutoka chini ya goti hadi juu ya kifundo. Kano nzima ni nyembamba, ngumu, ina kingo unazozihisi wazi, na haina joto. Iliyochanika huwa nene katikati, kingo zake hazishikiki, na ukiibana kidogo farasi huvuta mguu. Uweke mguu chini umtazame kutoka ubavuni: nyuma ya mfupa panapaswa kuwa pamenyooka, na pakibinuka nje ujue kuna jambo. Linganisha na mguu wa pili. Rudia asubuhi inayofuata baada ya mazoezi, kwa sababu joto mara nyingi hujitokeza siku ya pili.

Hapa ndipo watu hudanganyana, wengine bila kukusudia. Kano iliyochanika huacha kuuma baada ya wiki chache, na farasi huacha kuchechemea. Anaonekana amepona. Lakini nyuzi za ndani huhitaji miezi 9 hadi 12, pengine zaidi, kabla ya kubeba kazi ngumu. Akiuzwa katikati ya kipindi hicho, mnunuzi atamkimbiza, kano itachanika tena mahali palepale, na safari hiyo huenda isipone. Ukiwa na shaka, mwite daktari apige picha ya mawimbi ya sauti. Gharama yake ni ndogo ukilinganisha na farasi anayerudishwa kwako mwaka ujao akiwa kilema.

Daktari awe amesajiliwa na Kenya Veterinary Board, na awe na uzoefu wa farasi, maana wengi wanaotibu ng'ombe vizuri hawajawahi kusikiliza tumbo la farasi. Amtazame akitembea na akienda mwendo wa matiti kwenye ardhi ngumu kwa mstari ulionyooka, kisha kwa mduara pande zote mbili. Achunguze vifundo, magoti, mgongo, macho, moyo na meno. Farasi asiwe na dawa ya maumivu mwilini siku hiyo, na ni vizuri daktari achukue damu na kuihifadhi, ili baadaye mtu asije akadai kwamba maumivu ya mguu yalifichwa kwa fenilibutazoni, dawa ya kutuliza maumivu.

Kusanya na karatasi: pasipoti au cheti cha usajili, kumbukumbu za chanjo, dawa za minyoo na matibabu. Chipu yake ya utambulisho iko chini ya ngozi upande wa kushoto wa shingo, na namba ina tarakimu 15. Isome kwa kifaa uilinganishe na karatasi, kwa sababu farasi wawili wa rangi moja kwenye banda moja huwahi kubadilishana majina.

Kisha kaa na saisi wake. Yeye ndiye anayejua kama farasi huyu huuma anapofungwa mkanda wa tumbo, kama hukataa kuingia kwenye lori, kama huogopa mlio wa mvua kwenye bati, kama hula vizuri akiwa peke yake. Andika kila anachosema. Hakuna ripoti ya daktari inayokupa mambo hayo.

Mshushe taratibu

Farasi wa mbio huishi bandani karibu saa 22 kwa siku, hula nafaka nyingi na kukimbia kila asubuhi. Ukikata mazoezi leo ukaacha nafaka vilevile, kesho una mnyama wa kilo 450 asiyejua apeleke wapi nguvu zake. Ukikata nafaka ghafla nako, tumbo huvurugika. Punguza kidogokidogo kwa siku 14, huku ukiongeza nyasi. Mlo mmoja wa nafaka usizidi kilo 2 kwa farasi wa kimo hiki.

Hesabu ya nyasi ni rahisi, na ifanye mbele ya mtu anayetaka kumchukua. Farasi wa kilo 500 anahitaji nyasi kavu karibu asilimia 2 ya uzito wake, yaani kilo 10 kwa siku, kilo 300 kwa mwezi. Kwa marobota ya kilo 15 ya Boma Rhodes, aina ya nyasi,, hayo ni marobota 20 kila mwezi, na wakati wa kiangazi yote ni ya kununua. Ongeza maji lita 25 hadi 50 kwa siku na chumvi kama vijiko 2 vya mezani. Mtu akishtuka kwa hesabu hiyo, afadhali ashtuke sasa.

Nyasi za kikuyu, ambazo ndizo zimejaa viwanja vya Karen, Limuru na kwingineko nyanda za juu, zina oksalati nyingi inayofunga kalisi, madini ya kujenga mifupa. Farasi anayekula hizo pekee kwa miezi huanza kuchota kalisi kwenye mifupa yake: uso huvimba pande zote mbili juu ya pua, na kuchechemea huhama kutoka mguu mmoja hadi mwingine. Mpe lusini (majani ya lishe yenye kalisi nyingi) kilo 2 hivi kwa siku, na acha kumjazia pumba za ngano, kwa sababu fosforasi iliyomo huzidisha tatizo.

Vidonda vya tumbo ni vya kawaida mno kwa farasi waliotoka mazoezini. Dalili zake ni kuacha nafaka nusu, kukunja masikio ukigusa mbavu, kusaga meno, koti lisilong'aa. Malisho na nyasi za kutwa nzima husaidia sana. Wengine huhitaji omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, kwa wiki 4 chini ya daktari. Farasi wengi waliopewa jina la "mkorofi" walikuwa na maumivu tu.

Siku ya kwanza ya malisho ndiyo ya hatari. Mwondolee viatu vya nyuma ili teke lisivunje mtu wala mwenzake, mvalishe kinga za miguu, mshibishe nyasi kwanza, kisha mwachie asubuhi kwenye uwanja mdogo akiwa na mwenza mmoja mtulivu, farasi mzee ikiwezekana. Nusu saa inatosha. Ongeza kila siku. Usimwachie kwenye uwanja wa ekari nyingi wenye seng'enge: hajawahi kuona waya, na ataukimbilia moja kwa moja. Viatu vya mbele viache kwanza. Kwato za farasi wa mbio mara nyingi zimepungua kisigino na kuta zake ni nyembamba, na ukivua vyote mara moja atakanyaga kokoto kwa maumivu wiki nyingi, nawe utadhani amerudiwa na jeraha. Fundi wa kwato amtoe viatu vyepesi vya alumini na kumwekea vya chuma, kisha arudie kazi hiyo ya kwato kila wiki 5 au 6.

Mfundishe upya kabla ya kumtangaza

Baada ya wiki 6 hadi 8 za kupumzika, mwanzishe upya. Farasi huyu anajua mengi: kufungwa, kuogeshwa, kusafiri, kelele za umati. Asichojua ni vitu ambavyo mpandaji wa kawaida hudhani kila farasi anavijua. Hajui kusimama tuli mtu akipanda kutoka kwenye kibao cha kupandia, kwa sababu joki (mpanda farasi wa mbio) hurushwa mgongoni farasi akiwa anatembea. Hajazoea miguu ya mtu kumning'inia ubavuni, maana joki hukaa na vikuku vya kuwekea miguu vikiwa vifupi. Na ukivuta hatamu kumzuia, yeye huegemea lijamu na kuongeza kasi, maana mbioni hatamu zilizokazwa ndizo mhimili wake. Mpandaji mgeni huvuta zaidi, farasi naye huenda zaidi, na hapo ndipo ajali hutokea.

Kwa hiyo: kusimama kwenye kibao kila siku hadi achoke kushangaa. Kutembea kwa hatamu ndefu. Kusimamishwa kwa uzito wa mwili na sauti, hatamu mwisho. Miduara mikubwa ya mita 20 pande zote mbili, kwa dakika chache. Usimzungushe kwa kamba nusu saa kila siku ukitafuta kumchosha. Wa miaka 3 bado mifupa ya mgongo haijakomaa, hukomaa kwenye miaka 5 au 6, na mduara mdogo huumiza vifundo. Mtoe barabarani nyuma ya farasi mzoefu: bodaboda, mkokoteni wa punda, ng'ombe wa Wamaasai, mwavuli unaofunguka ghafla, madimbwi. Dakika 30 hadi 40, mara 4 kwa wiki. Tandiko lipimwe upya, kwa sababu akipumzika misuli ya mgongo hubadilika na lile la mwezi wa kwanza huanza kumbana.

Mwezi mmoja wa kazi hii hukupa kitu ambacho picha haziwezi kukupa: unajua sasa anaweza kuishi na nani.

Nyumba ipi inamfaa

Farasi mwepesi, mwenye kimo cha sentimita 152 hadi 160 mabegani, anayegeuka haraka na asiyeogopa wenzake wakimgonga, ana nafasi kwenye polo, Nairobi au Gilgil. Anayependa kuruka na mwenye miguu safi huenda kwenye klabu za kuruka viunzi. Mtulivu, mwenye kwato imara na asiyejali kuachwa nyuma au mbele ya kundi anafaa safari za farasi za Laikipia na Mara, ila mpime kwa uzito: mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, yaani kilo 90 kwa farasi wa kilo 450. Jike mwenye ukoo mzuri na mguu mbovu anaweza kuzalishwa, lakini ukoo hafifu si sababu ya kuleta mtoto mwingine atakayetafutiwa nyumba.

Mtoto anayeanza, au mtu mzima aliyepanda mara chache, asipewe farasi aliyetoka mbioni juzi, hata akibembeleza vipi. Sema hapana. Wala usimtoe kwa biashara ya kupandisha watu dakika tano tano bustanini au ufukweni bila kuona kwanza farasi waliopo wanaishi vipi jioni, baada ya wateja kuondoka. Pwani kuna joto na unyevu, na farasi wa damu ya mbio asiye na kivuli hudhoofika upesi.

Tangaza kwa klabu za upandaji, kwa madaktari, kwa mafundi wa kwato, na kwenye makundi ya WhatsApp ya wapandaji. Piga picha pande zote mbili akiwa amesimama kwenye sakafu ngumu, na video akishikwa malishoni, akiinuliwa miguu, akipandwa, akiingia lorini. Andika kasoro zote: anayeuma mbao na kumeza hewa, anayeyumbisha kichwa mlangoni, mwenye kovu la kano. Weka bei, hata ndogo. Farasi wa bure huvutia watu wasiojiuliza kama wataweza kumtunza, na madalali wanaomuuza tena wiki ijayo.

Mtu akipiga simu, mwache aongee. Nani atamhudumia kila siku? Daktari yuko umbali gani? Farasi wako wa mwisho yuko wapi sasa? Jibu la swali hili la tatu linafaa kuliko mengine yote. Kisha nenda ukaone. Pasipo na farasi au angalau punda mwenza, farasi atazunguka ua hadi akonde. Tazama maji, ua, kivuli, ghala la nyasi. Tia mkono ndani ya robota uvute harufu: ukungu huleta kikohozi kisichoisha, na mahindi yenye ukungu huua ubongo wa farasi ndani ya siku chache.

Kwenye shamba la ng'ombe au kuku uliza mawili zaidi. La kwanza, chakula. Vyakula vingine vya kuku na ng'ombe huwekwa monensini, dawa ambayo kwa farasi ni sumu ya moyo hata kwa kiasi kidogo, kwa hiyo ghala la farasi litengwe. La pili, dawa ya kupe. Ile yenye amitrazi inayonyunyiziwa ng'ombe husimamisha utumbo wa farasi. Saisi mpya asiyejua haya atafanya kosa hilo kwa nia njema kabisa.

Uliza pia kuhusu tauni ya farasi wa Afrika. Huenezwa na usubi unaouma kuanzia machweo hadi alfajiri, na kwa farasi asiye na kinga huua wengi mno. Chanjo hutolewa kila mwaka, na farasi wawe bandani kabla jua halijazama, hasa baada ya mvua. Pepopunda na kichaa cha mbwa navyo vina chanjo.

Mkataba na safari

Mkataba uwe wa maandishi, hata kwa rafiki. Utaje namba ya chipu, hali ya afya kama ilivyo kwenye ripoti ya daktari, bei na namna ilivyolipwa. Kisha vifungu vinne: harudishwi mbioni, jike asizalishwe bila ridhaa yako, akitaka kumuuza au kumtoa akuulize wewe kwanza, na una ruhusa ya kuja kumwona. Kila mmoja abaki na nakala yenye saini ya shahidi. Wajulishe Jockey Club of Kenya, wasimamizi wa mbio, kwa barua kuwa farasi amestaafu na amebadili mmiliki. Kama mnakubaliana majaribio ya wiki 2, andikeni nani analipa akiumia katika muda huo. Ugomvi mwingi huanzia hapo.

Kwa safari unahitaji kibali cha kusafirisha mifugo kutoka kwa ofisa wa mifugo. Akienda Arusha au Uganda, idara za mifugo za nchi zote mbili lazima ziruhusu, tena kabla ya kupanga lori. Sakafu iwe na mkeka usioteleza, kamba imruhusu kushusha kichwa, kwa sababu farasi aliyefungwa kichwa juu saa nyingi hukusanya uchafu mapafuni na kuugua homa ya mapafu. Ondokeni alfajiri. Mpeleke na chakula chake cha wiki 2 ili mpokeaji achanganye polepole.

Huko aendako atengwe na wengine kwa wiki 2 hadi 3 na apimwe joto asubuhi na jioni. La kawaida ni nyuzi 37.2 hadi 38.3. Likipanda zaidi ya hapo, daktari aitwe siku hiyohiyo. Asipandwe wiki ya kwanza. Mwambie mpokeaji wazi kuwa farasi aliyekuwa mtulivu kwako anaweza kuwa na wasiwasi kwake kwa mwezi mzima, na kwamba hilo halimaanishi ameuziwa mkorofi.

Piga simu siku ya 3, baada ya wiki 2, na baada ya miezi 3. Omba picha kutoka ubavuni, isiyo na tandiko wala blanketi, ili uone mbavu. Mbavu zikianza kuhesabika, nenda mwenyewe. Ukikuta farasi ananyimwa chakula au anapigwa, sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360, inahusu farasi kama mnyama mwingine yeyote, na KSPCA, shirika la kutetea wanyama, wanapokea taarifa.

Wapo ambao hawatapata nyumba: aliyevunjika kifundo na kubaki na maumivu ya kudumu, au mwenye hatari kwa kila anayemkaribia hata baada ya daktari kutafuta chanzo cha maumivu. Kwa hao, daktari kumlaza milele kwa sindano nyumbani, saisi wake akiwa ameshika kamba, ni bora kuliko kumtoa kwa mtu atakayemtumia hadi aanguke. Uamuzi huo ni wa mmiliki, na gharama yake pia. Asimwachie mtu mwingine.

Na weka nafasi ya kurudi. Farasi mmoja kati ya wanaoondoka atarudishwa, kwa kuhama, kwa ugonjwa wa mmiliki au kwa kukosa pesa. Acha banda moja tupu au kubaliana mapema na shamba la jirani, andika namba yako ya simu nyuma ya pasipoti yake, na ukibadilisha laini mjulishe kila aliyechukua farasi wako.